Farasi 40 inayoangusha silinda ikipata joto: kisa cha boti moja ya Tudor

Boti ni ya faiba, futi 21, ya uvuvi wa mshipi, na hulala Tudor, Mombasa. Mashine yake ni ya Kijapani, mapigo mawili, silinda mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, kabureta moja, ya kuvutwa kwa kamba na haina betri. Umri umepita miaka 20. Kama mashine nyingi za rika lake pwani hii, imeshapita mikono mingi, na bolti za kofia yake kila moja ina saizi yake.

Asubuhi hushika kwa mvuto wa pili. Huteremka mkondo polepole, hupita chini ya Daraja la Nyali, hupita Mji wa Kale, yote hayo bila kikohozi. Ikifika usawa wa Fort Jesus nahodha hufungua mafuta yote akabiliane na mawimbi ya mlangoni. Boti hupanda juu ya maji, hukimbia dakika moja au mbili, kisha mashine huanza kukata. Sauti inakuwa nzito, mtetemo unashika tezi nzima, omo inainuka na mwendo unakwisha. Mafuta yakipunguzwa hadi nusu, mashine inajirudi. Ikizimwa na kuwashwa tena baada ya dakika kumi, inakata mapema kuliko mara ya kwanza. Ikipumzishwa dakika 40, inarudi kama haijawahi kuugua.

Kufikia hapo ilikuwa imeshawekewa plagi mpya mara tatu na impela mpya (gurudumu la mpira la pampu ya maji) mara mbili ndani ya miezi minne. Kabureta ilikuwa imesafishwa. Themostati, mlango mdogo unaozuia maji ya kupoza hadi mashine ipate joto, ilikuwa imetolewa kabisa, kwa hoja ile ile ya siku zote kwamba bahari yetu haina baridi ya kumhitaji mlinzi huyo. Kila ilipotengenezwa ilijaribiwa ndani ya pipa la lita 200, ikanguruma vizuri, ikarudishwa majini, ikaenda kuangusha silinda, yaani silinda moja kuacha kuchoma, mahali pale pale.

Pipa ndilo lililowapoteza. Ndani ya pipa propela huchuruza maji na povu, mzigo ni mdogo, na hakuna mtu mwenye akili atakayefungua mafuta yote hapo kwa dakika kumi. Pipa linafaa kuonyesha kama mashine inashika na kama inakojoa, yaani inatoa maji ya kupoza kwenye tundu lake la nje. Kosa linalotokea chini ya mzigo halionekani humo.

Muda, joto na mkono wa mafuta

Malalamiko yalifika yakiwa na hukumu ndani yake: "Fundi, ikipata joto inakata." Kila aliyeyasikia aliyachukua yalivyo, akaenda moja kwa moja kwenye maji ya kupoza. Lakini safari ya kutoka Tudor hadi mlangoni huchukua dakika 20 hivi kwa mwendo wa pole, na mwisho wake mambo matatu hukutana kwa pamoja. Mashine imeshapata joto. Muda umeshapita, kwa hiyo tangi lisilopumua limeshaanza kuvuta ombwe. Na ni hapo tu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, mafuta yanafunguliwa yote. Nahodha anaona joto kwa sababu joto ndilo analolihisi kwa mkono. Fundi hana ruhusa ya kuchagua moja kabla hajayatenganisha.

Kuyatenganisha hakukuhitaji kifaa chochote, kulihitaji petroli na asubuhi mbili. Mahali palipochaguliwa ni sehemu pana ya ndani ya mkondo wa Tudor, maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, matope ya mikoko huingia kwenye pampu na kuleta ugonjwa mwingine juu ya ule unaotafutwa.

Asubuhi ya kwanza mashine ilizungushwa kwa nusu ya mafuta dakika 45 mfululizo. Haikukata hata mara moja. Dakika ya 46 mafuta yalifunguliwa yote, ikakata ndani ya sekunde 20. Asubuhi ya pili ilipashwa dakika tatu tu, kisha ikafunguliwa yote ikiwa bado na ubaridi. Ilikimbia safi kwa dakika 11, halafu ikaanza kukata taratibu, ikazidi.

Maana yake ni kwamba joto peke yake halitoshi, na mafuta yote peke yake hayatoshi. Kosa linataka vyote viwili. Hilo liliondoa mashaka mengi kwa mpigo mmoja, lakini lilibakiza makundi mawili: mafuta yanayoshindwa kufika mahitaji yanapopanda, au cheche inayopotea sehemu fulani ikiwa na joto na mkono wa mafuta ukiwa mwisho. Kundi la pili lilionekana la ajabu kidogo wakati huo. Ndilo lililokuwa na jibu.

Mafuta au cheche: ikamatwe ikiwa inaumwa

Mashine inayokata kisha ikapona haina cha kukuambia ikishapona. Vipimo vyote vya hatua hii vilifanywa majini, watu wawili ndani ya boti, mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mashine, kofia ikiwa imetolewa. Nywele, leso na mikono ya shati vikae mbali na flaiwili, gurudumu zito la juu ya mashine, maana inazunguka wazi.

Upande wa mafuta ulianza na skrubu ya hewa ya tangi. Ilikuwa wazi. Mashine ilipoanza kukata, mpira wa kupampu kwa mkono ulibinywa. Mpira ukiwa umenywea, kizuizi kiko kati yake na tangi: skrubu ya hewa, chujio la ndani ya tangi, au ngozi ya ndani ya bomba iliyobanduka na kufunga njia. Mpira ukiwa laini na kuubinya kukaifufua mashine, pampu ya mafuta ni dhaifu au kuna mahali panavuta hewa. Huu ulikuwa mgumu, na kuubinya hakukubadilisha kitu. Kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha, sentimita 30, kilikuwa kimeunganishwa kabla ya pampu. Petroli ilipita humo bila mapovu. Kwa kumaliza ubishi, bomba lilihamishiwa kwenye tangi jingine dogo lenye mafuta mapya. Ikakata vile vile.

Upande wa cheche ulihitaji taa ya taimingi na betri ndogo ya volti 12, kwa kuwa boti hii haina betri. Taa hunasa waya wa plagi kwa nje, haichomoi kitu, na huwaka kila cheche inapopita. Ilinaswa kwenye waya wa silinda ya juu: ikawaka kwa mpangilio hata mashine ilipokata. Ikahamishiwa waya wa chini: mafuta yalipofunguliwa yote ikiwa na joto, mwanga ukaanza kuruka, ukapotea, ukarudi, ukapotea. Mafuta yalipopunguzwa hadi nusu ukarudi wote.

Hapo msako ulibaki kwenye silinda moja. Tabia ya kuchomoa kofia ya plagi mashine ikiwa inanguruma ili kusikiliza silinda ipi imekufa iachwe kabisa. Cheche isiyo na pa kwenda hurudi na kutafuta njia ndani ya koili au kisanduku cha CDI (kile kinachorusha umeme wa cheche), na CDI ya mashine ya umri huu ni kazi kuipata. Taa ya taimingi, au kile kibomba cha kupima cheche kinachokaa kati ya plagi na waya, hutoa jibu lile lile bila madhara.

Plagi ya chini ilitoka nyeusi na imelowa, ya juu ikiwa na rangi ya kahawia iliyokauka. Plagi iliyolowa ina maelezo mawili. Ama cheche haikuwepo na petroli haikuungua, ama petroli ilizidi hadi ikazima cheche. Kuna kosa moja la mafuta linaloshambulia silinda moja tu na watu hulisahau: pampu ya mafuta ya mashine hizi husukumwa na pumzi ya kreki (chumba cha chini ya pistoni) ya silinda moja, na utando wake ukitoboka, petroli hupenya moja kwa moja hadi kwenye kreki hiyo. Pampu ilifunguliwa, utando ukainuliwa kwenye mwanga. Ulikuwa mzima. Na taa ilikuwa imeshaonyesha kwamba cheche yenyewe inapotea kwenye waya kabla hata ya kufika kwenye plagi.

Kompresheni ilipimwa ili isije kuwa hoja ya baadaye. Plagi zote mbili nje, nyaya zake zimefungwa kwenye chuma cha mashine ili CDI isiumie, mafuta yamefunguliwa yote, mivuto sita ya nguvu. Baridi: psi 116 juu na 112 chini. Ikiwa na joto: 114 na 110. Kwa mashine ya umri huu hizo ni namba za kushukuru. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda, na ikizidi asilimia 10 ndipo ringi na gasketi zianze kushukiwa.

Mkojo dhaifu uliosingiziwa

Kabla ya kwenda ndani ya umeme, jambo la maji lilipaswa kufungwa, kwa kuwa ndilo lililokula impela mbili nzima. Mashine ilikuwa ikikojoa kwa udhaifu, na ikikojoa hivyo kila mtu huagiza impela. Lakini tundu la mkojo linaonyesha tu maji yanayofika kwenye tundu hilo. Linaweza kuziba kwa mchanga na chumvi huku pampu ikisukuma vizuri, na linaweza kutoa maji kwa kishindo huku njia za ndani ya silinda hedi zimejaa chumvi. Hapa ilitosha kupenyeza kipande cha mshipi mnene wa nailoni, wa milimita moja hivi, kwenye tundu na kukisukuma mbele na nyuma. Mchanga ulitoka na mkojo ukarudi na nguvu zake. Impela iliyofunguliwa ilikuwa haina hata mkwaruzo.

Kisha joto lilipimwa badala ya kukisiwa. Kipima-joto cha miale hudanganya kikielekezwa kwenye aluminiamu inayong'aa: husoma pungufu. Dawa ni kubandika kipande cha tepu nyeusi kwenye silinda hedi, karibu na nyumba ya themostati, na kupima hapo. Bahari siku hiyo ilikuwa nyuzi 29. Silinda hedi ilisoma 43 kwa nusu ya mafuta na 47 kwa mafuta yote. Mashine haikuwa na joto kupita kiasi. Ilikuwa na ubaridi kupita kiasi, kwa sababu themostati haikuwepo.

Themostati za mashine nyingi za aina hii huanza kufunguka karibu nyuzi 50 na kuwa wazi kabisa karibu 60. Hata Machi, bahari ikiwa kwenye joto lake la juu kabisa, maji yanayoingia hayajafika nyuzi 50 kwa mbali. Kuitoa hakuiponyi mashine yoyote. Mashine inayotembea polepole bila themostati huchoma vibaya, hukusanya masizi na kulowesha plagi. Ndiyo sababu plagi zilikuwa zikichoka mapema, na uchovu huo ukawa ushahidi wa uongo kwamba plagi ndizo mbovu.

Basi hilo "joto" la nahodha liko wapi? Liko chini ya kofia na chini ya flaiwili, mahali maji hayafiki. Hapo hewa imefungiwa, chuma cha kreki kinatoa joto lake juu, na koili zimekaa katikati. Tena mashine ikizimwa, maji hayazunguki, na joto la ndani hupanda kwa muda kabla ya kuanza kushuka. Ndiyo maana kuizima kwa dakika kumi kuliifanya ikate mapema zaidi, na dakika 40 ziliiponya. Dalili hiyo peke yake, ikisikilizwa vizuri siku ya kwanza, ingemwelekeza fundi kwenye umeme kabla hajanunua impela.

Kubadilishana vifaa

Njia rahisi ya kutafuta kosa kwenye mashine ya silinda mbili ni kuhamisha kifaa kizima upande mmoja hadi mwingine na kutazama kama ugonjwa unafuata. Haigharimu kitu. Plagi zilibadilishana: kosa likabaki chini. Koili za cheche zilibadilishana pamoja na nyaya na kofia zake: kosa likabaki chini. Vifaa hivyo vyote vikaachiliwa.

Zilibaki tatu: koili ya palsa ya silinda ya chini, nyaya zake, au nusu ya kisanduku cha CDI inayoihudumia silinda hiyo. Koili ya palsa ni ndogo, haizidi kidole gumba, na kazi yake ni kuiambia CDI wakati wa kurusha cheche sumaku ya flaiwili inapopita mbele yake. Koili ya kuchaji, ile kubwa, ilikuwa nje ya kesi tangu mwanzo, kwa kuwa hulisha silinda zote mbili. Ingechoka yenyewe, zote mbili zingekufa.

CDI hupimwa kwa ujanja ufuatao. Waya wa palsa ya chini unaingizwa kwenye tundu la palsa ya juu la CDI, na wa juu kwenye tundu la chini. Peke yake hilo lingerusha cheche kwa silinda isiyo na zamu. Kwa hiyo na nyaya za kutokea CDI kwenda kwenye koili za cheche nazo zinabadilishwa vivyo hivyo. Sasa kila silinda inapata cheche kwa wakati wake, ila kila moja inatumia nusu ya CDI ya mwenzake. Kosa likihamia juu, CDI ndiyo. Likibaki chini, CDI ni safi. Jaribio hili ni la mashine yenye koili mbili za palsa na viungio vya waya mmoja mmoja. Zenye palsa moja au kiungio kimoja kikubwa cha nyaya zote haziwezi kufanyiwa. Rangi ziandikwe kwenye karatasi, au zipigwe picha ya simu, kabla ya kuchomoa chochote.

Kosa lilibaki chini.

Omu, draya na bamba

Nyaya za palsa zilichomolewa kwenye viungio na kupimwa kwa mita. Zikiwa na ubaridi, nyuzi 29: omu 318 juu, 322 chini. Zote ziko ndani ya kipimo. Hapa ndipo mafundi wengi huweka mita chini na kusema palsa ni nzima, au husubiri mashine ipate joto, wanaona namba imepanda, wanasema imekufa. Zote mbili ni haraka. Shaba hupandisha ukinzani wake kwa asilimia 0.4 hivi kwa kila nyuzi moja. Koili ya omu 318 ikitoka nyuzi 29 hadi 72 inapaswa kusoma karibu omu 370, na bado ni nzima kabisa. Namba za kitabu hutolewa kwa nyuzi 20 hivi. Mashine inapotoka majini ikiwa na joto, hesabu hiyo ifanywe kwanza kabla ya kumhukumu mtu.

Flaiwili ilitolewa. Nati inafunguliwa flaiwili ikiwa imeshikwa na kishikio chake, siyo kwa kukwamisha bisibisi kwenye meno. Pula inafungwa kwa bolti zinazoingia kwenye matundu matatu yenye nyuzi yaliyo karibu na katikati. Kuvuta kwa kucha kutoka ukingoni kunapindisha flaiwili, na kupiga nyundo juu ya shafti kunaua beringi na kubandua sumaku.

Chini yake, koili ya palsa ya chini ilipashwa peke yake kwa draya ya nywele, ile ya saluni, huku kipima-joto kikitazama. Ilipofika nyuzi 72 mita ilisoma 374. Hesabu ilitaka 375. Koili ilikuwa nzima. Wengi wangekwisha kuagiza mpya.

Lakini asubuhi ya kwanza ya majaribio ilikuwa imeshasema kwamba joto peke yake halitoshi. Kwenye mashine za kizazi hiki, koili za palsa hazikukaa imara. Zimefungwa kwenye bamba linalozunguka pamoja na mkono wa mafuta, ili cheche itangulie kadiri mwendo unavyopanda. Mafuta yakifunguliwa yote, bamba linafika mwisho wa mzunguko wake na kuvuta nyaya zake. Kwa hiyo mita iliachwa imeunganishwa, draya ikapulizwa kwenye nyaya sasa, na bamba likazungushwa kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Hadi robo tatu ya mzunguko: 320 na kitu, imara. Kuvuka hapo: 900, 2,400, kisha mita ikaonyesha njia imekatika. Bamba likarudishwa, namba ikarudi.

Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, sentimita 6 kutoka kwenye koili. Kwa nje haukuwa na alama, ila ukikunjwa kati ya vidole mahali hapo palikuwa laini kuliko pengine, kama mpira mtupu usio na shaba ndani. Ngozi ya plastiki ikiwa na ubaridi ni ngumu na inazikaza ncha mbili za shaba zigusane, hata bamba likivuta. Ikipata joto inalainika na kutanuka mara kadhaa kuliko shaba. Bamba likivuta mwisho wake, ncha zinaachana. Joto na mkono wa mafuta, vyote viwili, kama majaribio yalivyosema.

Kilichoukata hakikuwa uzee peke yake. Mkono fulani wa zamani ulikuwa umeubana mkungu wa nyaya kwenye mabano kwa kile kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya, ukaukaza hadi mwisho ili uonekane nadhifu. Nyaya za bamba linalozunguka zinahitaji kitanzi cha kulegea. Zikinyimwa, kila safari huzikunja mahali pamoja, na shaba hukatika uzi mmoja baada ya mwingine.

Tengenezo

Waya haukuungwa mahali ulipokatika. Kiungo cha risasi hugeuza waya laini kuwa kijiti kigumu, na kijiti kikiwekwa penye mkunjo kitakatika tena pembeni ya risasi. Sehemu mbovu ilikatwa yote, sentimita 4 kila upande, mpaka shaba ikaonekana safi bila kijani cha chumvi. Kipande kipya cha waya wa boti wenye nyuzi nyingi zilizopakwa bati kiliunganishwa. Kiungo kimoja kiliwekwa kwenye sehemu inayotembea pamoja na bamba na kingine kwenye sehemu iliyotulia, kati yao waya mzima usio na kiungo. Viungo vilibanwa kwa kibano chake, siyo koleo, na kufunikwa kwa mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani. Kama mkato ungekuwa ndani ya sentimita 2 kutoka kwenye koili, pasingebaki pa kushika, na koili nzima ingebadilishwa. Kitanzi kilirudishwa. Kikamba kipya kilifungwa kwenye sehemu iliyotulia tu, kwa ulegevu wa kuweza kupitisha bisibisi ndogo chini yake.

Kabla ya kurudisha flaiwili, bamba lilizungushwa mwanzo hadi mwisho mara 20 mita ikiwa kazini na draya ikipuliza. Namba haikutikisika. Koni ya shafti na tundu la flaiwili vilifutwa kwa petroli na kukaushwa, bila grisi wala oili hata tone, kwa kuwa kinachoshika flaiwili ni msuguano wa koni hiyo. Kile kifunguo kidogo cha chuma hupanga tu nafasi. Koni ikiwa na grisi au nati ikilegea, kifunguo hukatika, taimingi huhama, na mashine huanza ugonjwa mpya unaofanana sana na huu. Nati ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu cha mashine yenyewe.

Themostati mpya iliwekwa baada ya kupimwa kwenye sufuria. Inaning'inizwa kwa uzi ndani ya maji pamoja na kipima-joto, isiguse chini, na moto uwe wa polepole. Ilianza kufunguka kwenye nyuzi 50. Nyumba yake ilikwanguliwa chumvi na gasketi ikawa mpya.

Plagi ziliwekwa mpya, na hapa kuna neno. Kwenye zile za NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi: B8HS ni baridi kuliko B7HS. Aliyekuwepo kabla alikuwa ameweka baridi kuliko iliyoandikwa, pengine kwa nia njema, kwa kuwa mashine ilisemekana ina joto. Ile "10" inayofuata mwishoni mwa jina kwenye baadhi yake ni nafasi ya cheche ya milimita 1.0, wala si mapambo. Iwekwe iliyoandikwa kwenye kitabu.

Oili nayo iliguswa. Tangi lilikuwa likichanganywa kwa macho na oili ya pikipiki za mapigo mawili. Hiyo imetengenezwa kwa injini za kupozwa na hewa, na viungo vyake huacha majivu kwenye mashine inayofanya kazi na ubaridi wa maji. Chupa inayofaa ina maandishi TC-W3. Kipimo cha mashine hii ni sehemu moja kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita: tangi la lita 25 hutaka nusu lita, chupa ya soda ya nusu lita ikiwa imejaa, bila kukisia.

Majaribio ya mwisho yalirudia asubuhi zile mbili kwa mpangilio ule ule. Dakika 45 za nusu ya mafuta, kisha yote kwa dakika 15: taa ya taimingi haikuruka kwenye waya wa chini. Silinda hedi ilisoma 58. Mashine ikazimwa, kofia ikafungwa ili joto lipande makusudi, ikaachwa dakika kumi, ikavutwa: mvuto wa kwanza, na mafuta yote hadi nje ya mlango. Plagi zilipotolewa zilikuwa na rangi moja juu na chini.

Kwa mashine ambazo bamba lake halizunguki, na cheche hutangulizwa kielektroniki ndani ya CDI, mkato wa aina hii ni nadra. Huko, kosa la joto lenye kufuata mwendo hutafutwa kwanza kwenye koili ya kuchaji, na mita ya kawaida haitoshi, kwa sababu mapigo yake ni mafupi mno na mita husoma wastani usio na maana. Panahitajika kiambatisho cha kunasa kilele cha volti. Lakini kwa hizi za zamani zenye bamba la kuzunguka, zilizojaa kuanzia Shimoni hadi Lamu, inatosha kuvua kofia, kushika mkono wa mafuta, na kutazama nyaya zinazoingia chini ya flaiwili wakati bamba linaposogea. Zikikaza kama kamba ya nanga kabla bamba halijafika mwisho, kikamba kilegezwe siku hiyo hiyo.